Kyela, Supa, Magugu, Bahi: hivi mchele kweli unatofautiana ladha au ni majina tu?

Ukipita soko la Majengo hapa Dodoma, au kule Sabasaba, utakuta magunia yamefunguliwa midomo na kila moja limechomekwa kikaratasi chake, Kyela, Mbeya, Supa, Kahama, Magugu, Moro, Bahi, bei zinapishana, na ukisimama kidogo lazima usikie watu wawili wanabishana. Mmoja anasema mchele ni mchele tu, wanatupiga hela. Mwingine anaapa kwamba hata umfunge kitambaa machoni akila kijiko kimoja anajua huu ni wa Kyela. Ubishi huu upo majumbani, upo kwenye kamati za harusi, upo kwa mama ntilie, na kiukweli wote wawili wana sehemu wako sahihi, shida ni kwamba wanaongelea vitu vinne vitano tofauti kwa wakati mmoja na kuviita vyote ladha. Mi hii mada naipenda mno, tena naona inagusa mfuko wa kila mtu, kwa hiyo tuichambue taratibu.

Jibu langu ni ndiyo, michele inatofautiana, tena sana. Ila tofauti kubwa haiko kwenye ulimi, iko puani na kwenye meno, na jina la mahali lililoandikwa kwenye kikaratasi linakuambia kidogo kuliko unavyolilipia.

Anza na jaribio ambalo unaweza kulifanya leo jioni. Chukua wali mweupe mtupu, bila nazi wala mafuta, kijiko cha mchele unaonukia na kijiko cha mchele wa kawaida, uache upoe kidogo, ziba pua kwa vidole halafu tafuna. Ulimi wenyewe utapata kitu kidogo sana, utamu wa mbali ambao unaongezeka kadiri unavyotafuna kwa sababu mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari, basi, hamna zaidi. Hapo michele yote miwili karibu inafanana ukiacha ulaini. Sasa achia pua huku bado unatafuna, harufu inapanda kwa nyuma ya koo mpaka puani na ghafla kile kijiko kimoja kinakuwa chakula kingine kabisa. Ndo maana mtu mwenye mafua haoni tofauti ya Kyela na mchele wa bei ya chini, na wala hadanganyi.

Hiyo harufu ina mwenyewe. Mchele mkavu wowote ukipikwa unatoa mamia ya harufu ndogondogo, lakini ile inayofanya jirani aulize leo mnapika nini inatokana hasa na kemikali moja inaitwa 2-asetili-1-pirolini, iliyotambuliwa kwenye mchele na watafiti mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwemo Mmarekani Ron Buttery. Kemikali hiyohiyo ipo kwenye bisi zikishapasuka na kwenye ganda la mkate unaotoka jikoni, na pua ya binadamu inainasa hata ikiwa kidogo mno, sehemu moja tu katika bilioni kumi za maji inatosha kuisikia. Kwa hiyo sio lazima mchele uwe na kingi, tofauti ndogo sana shambani inakuwa tofauti kubwa mezani.

Kinachonifurahisha hapa ni chanzo chake. Mwaka 2005 wanasayansi wa Australia walionyesha kwamba basmati na jasmine, ile michele ya Asia inayosifika kwa kunukia, zinanukia kwa sababu ya jeni iliyokatika, jeni ni yale maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya mmea. Mpunga wa kawaida una jeni inayotengeneza kimeng'enya ambacho kinatumia malighafi fulani ndani ya mmea, malighafi inaisha, harufu haitokei. Kwenye ile inayonukia kipande kidogo cha jeni hiyo kimepotea, herufi nane tu za maelekezo hayo, kimeng'enya hakifanyi kazi, malighafi inalundikana na kugeuka kuwa harufu tunayoilipia. Na ili punje inukie lazima irithi jeni iliyokatika kutoka pande zote mbili, baba na mama, ikirithi upande mmoja tu hainukii. Kwa hiyo kunukia kunatoka kwenye mbegu. Hamna mbolea wala maji ya mto gani yatakayofanya mbegu isiyonukia ianze kunukia.

Nimesema pia meno, na huku watu wengi hawaangalii kabisa. Wanga wa mchele umejengwa na vitu viwili, amilosi ambayo ni kama uzi ulionyooka na amilopektini ambayo ina matawi mengi. Mchele wenye amilosi nyingi, zaidi ya asilimia 25, unaiva punje mojamoja, unachambuka, lakini ukipoa unakuwa mgumu. Wenye amilosi ya wastani, asilimia 20 mpaka 25 hivi, unachambuka lakini unabaki laini. Ukishuka chini ya hapo unaanza kushikana, na ukifika karibu na sifuri unapata ule wa kunata kabisa ambao watu wa Laos wanaufinyanga kwa mkono, kama sisi na ugali. Mjapani akila wali unaochambuka anaona haujakaa sawa, mtu wa pwani akipewa wali unaoshikana kwenye pilau atauliza nani kapika leo. Hakuna kati yao aliyekosea, kila mmoja amezoeshwa na mbegu ya kwao.

Na hapa usidharau. Mwaka 1966 taasisi ya utafiti wa mpunga kule Los Baños, Ufilipino, ilitoa mbegu ya IR8, mpunga mfupi usiolala, unaozaa mara kadhaa ya mbegu za kienyeji, ulisaidia kulisha watu wengi sana Asia. Lakini walaji waliulalamikia tangu mwanzo, punje zina weupe wa chaki katikati, wali ukipoa unakuwa mgumu kama haujaiva. Ilibidi watafiti waendelee kuchanganya mbegu miaka karibu ishirini, mpaka IR64 ya mwaka 1985 ambayo ilizaa vizuri na ikalika vizuri, na ndo ikasambaa nchi nyingi mno. Anayesema mchele ni mchele tu anapaswa kuijua hiyo stori, watu wa kipato cha chini kabisa walikuwa wanatofautisha na walikuwa tayari kulipa zaidi.

Kwetu mambo yameenda hivyohivyo. Supa ni mbegu ndefu, inanukia, wali wake laini, mlaji anaipenda mno, ila mkulima analia nayo kwa sababu inakaa muda mrefu shambani, upepo ukija inalala na mavuno yake ni madogo. Watafiti wa Dakawa kule Morogoro wakatoa TXD 306, mwaka 2002, ambayo mtaani tunaiita SARO 5, fupi, inazaa mara mbili au hata tatu ya Supa ikipata maji na mbolea, na jina lake lenyewe linatokana na Kiingereza semi-aromatic, yaani inanukia nusu. Sasa hivi skimu nyingi za umwagiliaji zimejaa SARO. Mi sioni sababu ya kuibeza, ni mchele mzuri, na bila huo bei ya mchele ingekuwa mbali na sisi. Lakini SARO sio Supa, na mtu akikuuzia SARO kwa bei ya Supa amekula hela yako.

Na sasa tufike kwenye vikaratasi. Angalia majina yale ya gunia vizuri, Supa ni mbegu, lakini Kyela, Mbeya, Kahama, Magugu, Moro na Bahi ni mahali. Ni vitu viwili tofauti kabisa vimepangwa kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo mnunuzi anapotea. Mkulima wa Kyela anaweza kulima Supa, anaweza kulima mbegu nyingine za kienyeji zinazonukia, na anaweza kulima mbegu ya kisasa isiyonukia, na zote zikipakiwa kwenye lori zinakuja Dodoma zikiitwa Kyela. Kinyume chake pia kipo, Supa iliyolimwa Magugu, iliyolimwa Ifakara, iliyolimwa Usangu, zote ni Supa. Mfano mzuri zaidi ni Kilombero, hilo ni bonde la Morogoro, lakini ukivuka mto Songwe ukaingia Malawi, kule Karonga, mchele wanaojivunia kuliko yote unaitwa Kilombero, na unalimwa palepale Malawi. Kwa maana hiyo ukiulizwa Kilombero ya wapi, swali hilo lina maana.

Sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo hatuisemi. Tuko katikati, barabara ya Iringa kupitia Mtera inaleta mchele wa Mbeya, ya Morogoro inaleta wa Ifakara na Dakawa, ya Singida inaleta wa Kahama na Shinyanga, ya Kondoa inaleta wa Magugu, halafu kwenye hiyohiyo njia ya Singida tuna wa kwetu wenyewe wa Bahi. Mji uliozoea ugali wa uwele na mtama kwa mlenda, ambako wali zamani ulikuwa chakula cha sikukuu na harusi, leo mtu anaweza kulinganisha michele ya nchi nzima bila kutoka sokoni.

Je, mahali hapana maana yoyote? Pana maana, ila baada ya mbegu. Mpunga unaonukia ukijaza punje kwenye hali ya hewa ya ubaridi kidogo unahifadhi harufu zaidi kuliko ukijaza kwenye joto kali, na mmea ukibanwa kidogo na ukame au chumvi ya udongo huwa unatengeneza harufu zaidi. Kule Thailand jasmine yao inayosifika inatoka nyanda za kaskazini mashariki, Thung Kula Ronghai, eneo kavu lenye udongo wa chumvi, ambako mavuno ni madogo lakini harufu ni kali. Nikiisoma hiyo huwa naikumbuka Bahi, maana ile mbuga inapokea maji ya mto Bubu ambayo yakishaingia hayana pa kutokea, yanakauka palepale na kuacha chumvi. Watu wanaudharau mchele wa Bahi eti kwa sababu ni wa karibu, mi nasema ukipata wa Supa, umeanikwa vizuri na haujachanganywa, usiuache.

Kuanikwa. Hapa ndipo mchele mzuri unaharibika na lawama inaenda kwa mbegu. Mpunga unavunwa ukiwa bado na maji asilimia 20 hivi au zaidi, unatakiwa ushuke mpaka 14 ndo uhifadhiwe. Ukirundikwa mbichi unapata joto ndani kwa ndani, punje zinageuka manjano na wali unanuka uvundo hata ungekuwa Supa ya aina gani. Ukianikwa haraka mno kwenye jua kali juu ya sakafu, au ukichelewa kuvunwa, punje zinapata nyufa ambazo huzioni, ukifika mashineni zinakatika na kuwa chenga. Na chenga zikiwa nyingi zinatoa wanga kwenye maji, wali unakuwa bokoboko. Halafu mashine yenyewe, ikikoboa vibaya inaacha pumba kidogo juu ya punje, pumba ina mafuta, mafuta yakikaa wiki kadhaa yanachacha na ndo ile harufu ya gunia la zamani ambayo wengine wanadhani ni dawa ya wadudu. Ndo sababu pia mchele wa kahawia usiokobolewa haukai sana kabatini.

Umri nao ni jambo kubwa mno, pengine baada ya mbegu ndo linafuata. Mchele mpya, ule wa mwezi wa sita wa saba mavuno yakiwa yanaendelea, unanukia zaidi maana kemikali ile inapungua kadiri unavyokaa ghalani, lakini una unyevu, haubebi maji mengi, ukikosea kidogo tu unashikana. Uliokaa miezi kadhaa unakuwa mkavu, unabeba maji, unajaa sufuria, unachambuka vizuri, ila harufu imepungua. Wahindi basmati yao ya bei wanaiweka makusudi mwaka mzima kabla ya kuuza, kwa sababu kwao punje kurefuka na kuachana ndo ubora wenyewe. Kwa hiyo dada anayesema gunia la mwezi wa saba lilimshinda na la mwezi wa pili lilimkubali, wakati yote yaliandikwa Mbeya, hajalogwa na wala hajasahau kupika, amepika michele miwili yenye umri tofauti kwa maji yaleyale.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni mchanganyiko. Kila mbegu ina joto lake ambalo wanga wake unaanza kuvimba na kuiva, kati ya nyuzi 55 na 79 hivi, na ina kiwango chake cha kunywa maji. Ukichanganya gunia la Supa na la mchele mwingine wa bei ndogo ili uuze lote kama Supa, sio kwamba unapata ladha ya katikati, unapata wali wenye punje zilizopasuka na punje zenye kiini kigumu kwenye sahani moja. Mpishi anaongeza maji, zile laini zinakuwa uji, anapunguza, zile ngumu zinabaki. Wali wa hivyo hata upalie makaa juu ya mfuniko vipi hautengemai. Watu wengi wanaosema mchele wa siku hizi hauna ladha wanaongelea hiki, na mi nakiona ni dhuluma, mlaji anaibiwa na mkulima wa mbegu nzuri anaharibiwa jina. Kuutambua mwaga kiganja kimoja kwenye karatasi yenye rangi, kama punje nyingine ni ndefu nyembamba na nyingine fupi nene, nyingine zinapitisha mwanga na nyingine zina chaki tumboni, basi hapo kuna magunia mawili.

Jikoni nako kuna ya kwetu ya Dodoma. Maji ya visima hapa sehemu nyingi yana chumvichumvi na magadi, tunayajua kwenye masufuria yanavyoacha ukoko mweupe. Maji ya namna hiyo yanaupa wali umanjano kidogo, mtu anadhani kauziwa mchele wa zamani, kumbe matone machache ya limau kwenye maji yanarudisha weupe. Halafu tuko mwinuko wa mita 1,100 na kitu, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi sio 100, Mbeya mjini wako juu zaidi wanachemsha kwenye 94. Kwa hiyo mgeni kutoka Dar akipika kwa dakika zake za Dar anakuta viini, mchele hauna kosa. Na kwa kuwa harufu inaruka na mvuke, ukipika unaonukia funika, uloweke kama nusu saa kwanza ili ukae motoni muda mfupi, usiuoshe mpaka maji yawe kama ya mvua.

Ukishajua haya yote hela inaenda mahali pake. Kwa pilau yenye mdalasini, iliki, karafuu na bizari, harufu ya Supa inafunikwa yote, nunua mchele uliokaa, mrefu, usioshikana, hata kama haunukii. Wali wa nazi pia nazi inameza nusu ya harufu. Vitumbua unaloweka na kusaga, chenga safi zinatosha, na ubwabwa wa mtoto vilevile. Bei ya mchele unaonukia inalipa pale unapokula wali mweupe na maharage au samaki, chumvi na mafuta kidogo basi, hapo kila senti utaiona.

Na kama nyumbani bado mnabishana, fanyeni hivi. Nunueni nusu kilo nusu kilo ya michele mitatu, pikeni na chumvi tu, kila mchele upewe maji kadiri unavyohitaji mpaka yote iwe imeiva sawasawa, maana ukitumia kipimo kimoja utapima maji na sio mchele. Mtu mmoja apakue kwenye sahani zinazofanana na ndiye pekee anayejua ipi ni ipi. Onjeni ukiwa wa moto, halafu muonje tena kiporo asubuhi kabla hakijapashwa, kwa sababu asubuhi ndo amilosi inajionyesha, mchele uliokuwa mzuri jana usiku unaweza kukuta umekuwa kokoto.

Sokoni mi huwa siulizi mchele wa wapi kwanza. Nasalimia, "shikamoo mama", akiitikia marahaba mwanangu naomba anitajie mbegu, umevunwa lini, na kama anao wa gunia moja ambalo halijaguswa. Muuzaji anayejua mali yake anajibu palepale, tena wengi wanafurahi kuulizwa, wanakufungulia gunia la nyuma. Nachota kiganja, nahemea ndani yake ili upate joto na unyevu kidogo, halafu nanusa. Unaonukia unasikika hapohapo kabla ya kupikwa. Kama hausikiki na ameuita Supa, naomba bei ya mchele wa kawaida.